Wifi Amekiosha Kifaru Changu

Shoga, wifi amekiosha kifaru changu. AMEKIOSHA! Kwa sabuni na brashi ya viatu!

Kile kifaru cha vita cha plastiki, cha mfano, nilichounga mnyororo wake kipande kwa kipande kwa kibanio cha nyusi. Kutu na matope nilivipaka mwenyewe kwa rangi, kionekane kimetoka vitani.

Nimekikuta kinakauka kati ya sahani, kinang'aa. Eti, "Wifi, kidude cha mtoto kilijaa uchafu, nikakusaidia."

Cha mtoto! Mtoto gani, mimi na mvi zangu?

Mume wangu kucheka mpaka kashika mbavu. Eti nikiache, kimependeza.

Thubutu! Nimetandaza magazeti kwenye meza ya kulia, na wifi nimemkalisha hapa, brashi mkononi. Aliyeyatoa matope atayarudisha.