Uzi Nilioukata kwa Meno

Baba yangu,

Shikamoo. Desturi inataka niandike kwamba mimi ni mzima, hofu ni kwako tu uliye mbali. Hofu kwako ninayo kweli: macho yanaendeleaje, na yale matone unatia au unamdanganya Mama? Ila huo uzima wangu siuandiki. Nakula, nalala, homa sina, lakini nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Mwandiko ukikushinda, mpe Mama akusomee. Sikupiga simu kwa sababu simu yako husikilizwa na mtaa mzima wa Mabatini. Barua hii anakuja nayo mama mmoja wa Bukoba anayerudi kesho, atapitia kwako.

Hamisi alinipokea vizuri, nisimsingizie mwanao. Likizo hii ya London ameitaka yeye. Jumamosi akaniambia, "Dada, leo nakupeleka kwenye duka wanakonunua wafalme." Nikavaa gauni langu la kitenge, nikajipaka na wanja.

Duka lenyewe ni ghorofa juu ya ghorofa. Mlangoni yuko mwanamume mzima, amevaa kofia, kazi yake kukufungulia mlango tu. Chini wanauza hata samaki, wamelazwa kwenye barafu na maua pembeni. Nilimtafuta sangara wetu sikumwona, nikamwambia Hamisi wafalme wanakosa. Akasema nipunguze sauti. Nikapunguza.

Huko juu kwenye nguo za wanawake kulikuwa na koti la sufu, rangi ya kahawa. Unanijua, Baba. Mikono yangu haikumuuliza mtu. Nililigeuza ndani nje, maana wewe ndiye uliyetufundisha kwamba nje ya nguo husema uongo, fundi yuko ndani. Mshono ulikuwa safi, siwezi kuwaonea. Lakini chini, bitana inapokutana na pindo, uzi ulikuwa unaning'inia. Nimekaa kwenye cherehani tangu kifua hakijaota. Uzi ukining'inia mimi nafanyaje? Niliinama nikaukata kwa meno.

Msichana wa duka akapiga ukelele utadhani nimemng'ata yeye. Mlinzi akaja na redio yake. Nikautoa ule uzi mdomoni nikamwonyesha kwenye kidole, nikacheka, nikidhani atacheka. Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, na hatukufika kwenye bitana. Akaniuliza kama niko na mtu. Nikamwonyesha Hamisi.

Hamisi alikuwa hatua nne hivi kutoka pale, anatazama mikanda. Aliendelea kuitazama. Mlinzi alipomwita ndipo akaja, anachekacheka, akamwambia kwamba mimi ni mfanyakazi wao wa ndani, ndiyo kwanza nimefika kutoka Afrika, wanisamehe, sijui kitu.

Hayo niliyaelewa yote, Baba, hata neno moja halikunipita.

Tukatoka nje. Barabarani nikamuuliza, "Hamisi, mimi ni nani kwako?"

"Tulia basi, dada. Wangeita polisi. Nilitaka tutoke haraka."

"Ndiyo unifanye mtumishi wako?"

"Kwani nimedanganya sana? Nyumbani si hata wafanyakazi wa ndani tunawaita dada?" Akacheka. Akanitazama akitaka na mimi nicheke.

Dada wa kazi! Mimi niliyembeba mgongoni kila siku Mama alipolazwa hospitali Sengerema. Mimi niliyeacha shule ili cherehani yako ya pili isikae bila mtu, yeye aendelee kusoma. Hilo sijawahi kulitaja, na wallahi lilikuwa haliniumi mpaka Jumamosi. Na hao dada wa kazi wamekosa nini, mpaka jina lao ligeuzwe la kuombea msamaha?

Najua utaniambia damu ni nzito kuliko maji, kijana aliogopa. Aliogopa, ndiyo. Huku namwona anamwogopa kila mwenye redio mkononi, na siku nyingine namhurumia. Lakini alitakiwa kusema maneno mawili tu, "dada yangu", na hata kwa Kiingereza ni mawili.

Jana kaniomba nisikuandikie. Amesema atakupigia mwenyewe Ijumaa baada ya swala, akueleze vizuri. Hilo neno "vizuri" ndilo lililonishikisha kalamu.

Msalimie sana Mama. Shangazi wa Sengerema mwambie asimpe mtu mwingine kitambaa chake, narudi kumshonea mwenyewe. Mzee Kanti, muuza vitambaa wetu, mwambie bitana yake haijashindwa na ya huku. Na Neema anayemsaidia Mama kazi za nyumbani, msalimie kwa jina lake.

Hamisi akikupigia, mwache akueleze duka lote na taa zake, usimkatize. Akimaliza, muulize alikwenda na nani. Akijibu, "Nilikwenda na dada," usiitikie. Muulize: dada gani?

Ni mimi, mtoto wako wa kwanza,
Rukia