Kiti cha Kutazama Nyuma

Toledo, 9 Oktoba 1994

Mdogo wangu Dwight,

Hatujambo. Nyanya zangu bustanini zimeungua kwa baridi. Jana watu wa vyuma chakavu walilivuta lile gari refu la Baba, lenye ubavu wa mbao za bandia. Kile kiti chetu cha mwisho, tulichokalia tukitazama nyuma na kuwapungia madereva, bado kilikuwa na makombo yako ya biskuti.

Baba alisimama uani akipunga mkono mpaka gari likapotea.

“We mama,” akaniuliza, “mbona wanangu hawanipungii?”

“Baba, ni mimi, Lorraine.”

“Lorraine yumo garini,” akafoka. “Amekaa kule nyuma na Dwight.”

Krismasi usihangaike kuja. Mimi na wewe tumeshaondoka na lile gari.

Dada yako,
Lorraine