Viti Vinavyomngoja Fundi

3 Februari

Wanataka kukutoa, mwanangu! Miaka miwili iliyobaki uimalizie nyumbani, kifungo cha nje, ukila chakula cha mikono yangu.

Haya, sasa nikusalimu, maana nimeanza kama mtu anayekimbizwa. Hujambo, baba? Kifua kimeachia? Mimi ni mzima, goti tu ndilo linalonisumbua, na naona linadeka kwa sababu linajua namsikiliza kila anayelalamika.

Afisa aliyekuja ni mwanamke mdogo, viatu vya chini, faili kwapani. Nilimkalisha kwenye kiti kizima pekee kilichobaki humu ndani. Kasema huko karakana wanakusifu sana. Nikamjibu kwamba wamechelewa, mimi nimeanza kukusifu ukiwa na siku mbili. Akacheka. Kisha akanieleza: utapewa kazi ya kukarabati madawati ya shule ya msingi, mchana unafanya kazi, jioni unalala kwako. Ila mwezi ujao atarudi kuzungumza na majirani, asikie kwa midomo yao kama wako tayari kumpokea mtu anayetoka gerezani. Bila wao hakimu hatasaini.

Hapo nikajuta, maana unajua nilichowaambia. Kwao wewe ni fundi mkuu wa kampuni ya samani, ng'ambo. Na tangu mwaka jana wananiletea viti! Wa kwanza alikuwa Mama Cherehani wa mlango wa pili, alileta kile anachokalia akishona, mguu umekatika. Kasema wewe ukija likizo umtengenezee, mafundi wa hapa wanajua kupigilia misumari tu. Ningekataaje, mwanangu, na sifa zote zile nilizokupa? Sasa viko kumi na vinne: ukumbini, chumbani, kimoja juu ya kabati. Jioni jua likiingia dirishani, vivuli vyao vinakaa ukutani kama wageni walioishiwa maneno. Juzi nimeota vimepanga mstari barabarani, vinachechemea kwa miguu mitatu mitatu, vinakuja huko kukutazama.

Nimefikiria hivi: afisa akija, nitamwambia majirani wote wamesafiri. Unaonaje?

Mama yako, asiye na mwingine wa kumringia.


15 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimeachia kabisa. Goti lipake mafuta, lakini usilisikilize sana.

Leo nimemaliza kiti changu cha kwanza kisicho na msumari hata mmoja. Mwalimu wetu tunamwita Mzee Penseli, kwa kuwa penseli haitoki sikioni mwake. Alikikalia, akajitikisa kulia na kushoto, akanyamaza. Kwake yeye kunyamaza ndicho cheti. Saa tisa alasiri mwanga huingia kwa madirisha ya juu, vumbi la mbao linaelea ndani yake polepole kama halina haja ya kutua, na kwa muda mtu unasahau ukuta uko upande gani. Nikipiga randa, mbao inatoa harufu ya kitu kilichokuwa hai. Nakuwaza wewe.

Mama, majirani usiwasafirishe.

Kumbuka nilipotoka mara ya kwanza. Uliwaambia nimekuja likizo. Wakaniuliza habari za ng'ambo, nami nikawasimulia, mpaka nikataja theluji. Mikono yangu ilikuwa mitupu na sikuweza kwenda kwa fundi yeyote kuomba kibarua, maana fundi mkuu haombi kibarua. Nikawa nashinda ndani, nimefunga pazia, nasikiliza cherehani ya jirani. Likizo ikazidi urefu. Mwezi wa tano nikaenda kuvunja lile ghala.

Sikulaumu. Mkono uliovunja ni wangu. Ila sina nguvu za kurudi kwenye likizo ile, najua inaishia wapi.

Waambie, Mama. Ukishindwa, nitamwomba afisa nimalizie miaka yangu hapa hapa.

Mwanao.


20 Machi

Mama,

Shikamoo. Ni mwezi na zaidi sijaona mwandiko wako. Kila barua zikigawiwa nasimama karibu na mlango, halafu narudi kwenye randa yangu.

Nimeambiwa afisa atafika kwenu tarehe ishirini na sita.

Nimeota naingia nyumbani, viti vyako vyote vikasimama kunipisha, na mimi nikakosa pa kukaa. Nilipoamka nikacheka peke yangu, kisha sikucheka.

Kama barua yangu ilikuumiza, nisamehe ukali wake. Ombi lenyewe silirudishi.

Mwanao.


4 Aprili

Mwanangu, baba yangu,

Natumai unakula na unalala. Goti limenyamaza lenyewe, limeona nina mambo makubwa kuliko lenyewe.

Hukupata barua kwa sababu sikuwa na cha kukuringia. Kalamu ilikuwapo, karatasi ilikuwapo, aliyekosekana ni mimi.

Ya kwako nilikaa nayo siku tisa, nikiihamisha kutoka chini ya mto kwenda chini ya godoro. Siku ya kumi nikajifunga kanga mbili nikaenda kwa Mama Cherehani, kwa kuwa ndiye niliyemtambia kuliko wote. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia, "Mwanangu hayuko ng'ambo. Yuko gerezani, mara ya pili, alivunja ghala. Kiti chako njoo ukichukue."

Akasimamisha mashine. Akaja saa ile ile, akabeba kiti chake cha miguu mitatu, akaenda zake. Nikaendelea mlango kwa mlango. Kufika jioni vilikuwa vimebaki viti vinne, na viwili kati ya hivyo wenyewe hawakuwapo. Nyumba ikawa inaitikia nikikohoa. Niliyapita majuma kama mtu anayetembea ndani ya maji, nasikia watu lakini kwa mbali.

Kisha siku moja kabla ya afisa kuja, naona kiti kinaingia mlangoni, na chini yake Mama Cherehani. Muda wote huo alikuwa anashona amekalia ndoo. Akakitua palepale kilipokuwa mwanzo, akapangusa jasho, akasema:

"Nimekukasirikia wewe, si kijana. Miaka yote hii umeninyima nafasi ya kukupa pole."

Nililia, mwanangu, sikufichi. Naye akalia, halafu akaniuliza kama na ile theluji ilikuwa uongo. Nikamwambia hasa hiyo. Tukacheka mpaka jirani wa ukuta akagonga.

Afisa alipofika, vilikuwa vimerudi vitano, jumla tisa. Aliuliza wangapi wako tayari kukupokea, Mama Cherehani akamwambia ahesabu viti, kila kimoja kina mtu wake na kila mmoja keshampangia fundi kazi. Afisa akahesabu kweli, mpaka cha juu ya kabati. Lakini nisikudanganye tena: jirani wa ukuta alisema wazi kwamba anaogopea mlango wake. Mdomo wangu uliwasha, nikaubana. Afisa akaliandika na hilo.

Na jana barua imekuja. Hakimu amesaini, unatoka katikati ya mwezi huu! Madawati ya shule Jumatatu mpaka Ijumaa, kila Jumatatu asubuhi unapita kwanza ofisini kwa afisa, na usitoke nje ya mji bila ruhusa. Viti vya majirani ni vya Jumamosi.

Sasa naringa upya, na safari hii sina haja ya kukumbuka nilidanganya nini. Nawaambia watu nina mtoto gerezani anayeunda kiti bila msumari hata mmoja, hao wenu walio nje wanaweza? Mama Cherehani anasema sitapona. Mwambie Mzee Penseli mama yako anamsalimu, na kwamba mtu anaweza kusifu kwa sauti, haidhuru.

Usiniletee zawadi, lete msasa. Kile kiti kizima ni chako, nimekifuta. Wenye vibovu watakuja wakae juu ya ndoo zao. Waliochukua vyao nao nimewaalika, na jirani wa ukuta nimemwalika mara mbili. Kasema ataona. Nikamwambia aje aone basi, Jumamosi tarehe kumi na tisa, saa nne asubuhi, kama wote.

Mama yako.