Mbweha wa Baba Mdogo Ambrose

Verna, uko? Sijui nicheke au nilie.

Unajua baba mdogo Ambrose ndiye anayefundisha watu kutega bila kutesa wanyama, pale ukumbini. Leo asubuhi mama kapita na pikipiki ya theluji kwenye njia ya mitego ya Ambrose, akakuta mbweha amenaswa mguu. Yu hai, Verna! Kaguguna mguu wake mwenyewe mpaka mfupa. Theluji yote imekanyagwa, damu imeganda. Si wa jana huyo.

Mama akampiga risasi moja, akapumzika maskini. Kisha akang'oa mtego, akaja nao moja kwa moja ukumbini. Mimi nilikuwa nachemsha chai.

Ambrose yuko mbele, anasema, "Mtego hukaguliwa kila siku." Kila siku! Mama akaubwaga mezani.

"Shemeji, huu wa nani?"

Jina lake limechongwa palepale. Akababaika, "Barafu ya ziwani mbovu, shemeji. Nisingeweza kupita."

"Mimi nimepita barafu hiyohiyo, na magoti yangu haya."

Nikajua sasa ataomba radhi. Mama alikuwa anaingoja hiyo radhi, machozi yanamlenga.

Ambrose akakohoa, akamwinamia, akanong'ona, "Na ngozi je? Risasi haikuiharibu?"

Ngozi, Verna! Kauliza ngozi!

Mama akawageukia wanafunzi: "Haya, vaeni makoti. Somo liko msituni, na mwalimu ni mimi."

Wakatoka wote. Ambrose kabaki na chai yangu.