Uso Unaofungua Maji

Jumatano, 17 Septemba
Mtaalamu wa mradi ameleta simu yenye programu ya kumwagilia michungwa ya jumuiya yetu ya kanisa. Asubuhi unasimama kwenye tanki, simu inakutazama usoni, ikikutambua maji yanafunguka. Bila uso — hakuna maji. Alitaka nyuso tatu. Mwenyekiti wetu Imakulata akakataa. Wakiwa watatu, akasema, maji yataishia kwenye mchicha wao! Awekwe Levina peke yake, huyo anamwogopa Mungu. Akina mama wakacheka, vigelegele. Padre akaniwekea mkono kichwani. Nilijisikia mtu, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 3 Oktoba
Mdogo wangu Masanja kapiga kutoka Sikonge. Mama hali chakula tena, ananiulizia. Kwenda na kurudi siku moja haiwezekani. Na michungwa imetoa maua — kwa jua hili, siku tatu bila maji yanapukutika yote. Mtaalamu anasema kuongeza uso ni mpaka aje mwenyewe, wiki mbili. Nikamwomba Imakulata tumwagilie kwa ndoo. Ndoo za wapi, mama, na pampu ya kisima nayo inasubiri uso wako? Vumilia.

Jumapili, 5 Oktoba
Misa nzima nimehesabu siku. Kumi na mbili mpaka mtaalamu aje.

Jumatatu, 6 Oktoba
Mama kapewa simu. Sauti imekuwa ndogo. Eti, Levina, hiyo michungwa ndiyo iliyokuzaa? Akacheka, akakohoa. Nami nikacheka. Nilipokata simu nikakaa chini palepale.

Jumatano, 8 Oktoba
Masanja kapiga alfajiri. Dada, njoo leo. Mama anaendeleaje? Njoo tu, dada.
Nimelia mpaka kumekucha. Nimefunga begi. Nimwagilie mara hii ya mwisho, maji mengi, kisha niende. Watakaosema waseme.
Mabruki wa bodaboda, wa kunipeleka stendi, yuko kwenye uzio na pikipiki yake, anapiga honi. Simu inasema uso hautambuliki. Nimenawa. Nimevua kitambaa. Uso hautambuliki. Macho yamevimba, sijioni hata mwenyewe kwenye kioo cha simu. Mara ya tatu — haikubali. Sasa inataka nisubiri dakika kumi, nitulie, nitazame mbele.
Nimetoa daftari kwenye begi ili nitulie. Mabruki anauliza, mama, twende au tusiende? Nimemwonyesha vidole kumi.
Natulia. Kila nikitulia, machozi yanatoka.