Sombe Bila Chumvi

Baba Eliane,

Sombe iko mu kikapu, nimeifunika na blanketi. Itakaa moto mpaka saa sita, usiwashe tena makaa. Chumvi usiitafute. Iko ~~mu debe ya unga~~ mu sakoshi yangu, ninaenda nayo sokoni Mbarara.

Asubuhi ulionja kijiko kimoja mbele ya watoto, ukasema hii si majani ya muhogo, ninakulisha majani ya mbuzi. Daktari ndiye alikataza chumvi, juu ya presha yako, si mimi. Kamulia limau, funga macho, meza.

Na mimi ninaikumbuka ile sombe ya mama yako kule kwetu Fizi, yenye mawese mingi na samaki ya chumvi. Siku tutarudi kwetu nitakupikia. Lakini ninataka turudi wawili.

Mama Eliane