Kijitabu Chako Hakikutoka Mjini

Mama,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Kile kijitabu cha mazishi yako, chenye picha yako ukiwa na kitambaa cha njano kichwani, hakikutoka mjini. Nilikitengeneza mimi, kwenye kibanda chetu cha soko la Kibuye, kwa kompyuta yako.

Najua ungeuliza mara moja, "Kwa programu gani?" Maana kompyuta ilikuwa tupu. Fundi alikuwa amebadilisha diski na kuweka upya mfumo wa Linux, nawe ukasema programu ya kupangia kurasa utairudisha mwenyewe ukitoka hospitalini. Hukutoka.

Baba mdogo Okello ndiye aliyesimamia mazishi. Alisema, "Kijitabu kitengenezwe town. Huyu ni mke wa ndugu yangu, sitaki mambo ya Kibuye." Alisahau kwamba vijitabu vingi alivyoshika kwenye matanga vilitoka Kibuye, mikononi mwako. Akanipa pesa za kulipia duka, na flashi yenye picha yako na maneno aliyoyatoa kwenye sampuli ya duka moja la mjini. Jina tu ndilo lilikuwa limebadilishwa. Mcha Mungu, mpenda watu, mchapa kazi. Mama, hukuwemo. Mwanamke yeyote angeweza kuzikwa na maneno yale. Wewe ulikuwa ukiwakalisha wafiwa kwenye benchi na kuwauliza kwanza, "Alikuwa anachekeshwa na nini?" Wengine walikasirika. Wengi walianza kusimulia, wakasahau kulia.

Sikuweza kurudi kumwambia Baba mdogo. Unanijua, hata salamu ya kanisani huwa naimeza. Basi nilipotoka nyumbani Nyalenda sikwenda mjini. Nilikwenda Kibuye. Mama Rehema, jirani yetu muuza leso, alinitolea ufunguo akasema, "Ingia mwanangu, lakini mlango uache wazi. Mtu akilia peke yake ndani ananifukuzia wateja." Kisha akaniletea chai.

Programu niliipakua kwenye saiba ya pembeni, nikaitia kwenye ile flashi, kwa sababu kwetu bando la intaneti lilikuwa limeisha. Ilikuja kama faili moja lenye mkia wa tar.gz. Mafaili ya aina hiyo wewe uliyaita mafurushi. "Furushi la mitumba halivaliwi," uliniambia siku ya kwanza, ukinionyesha marobota ya wachuuzi pale mbele yetu. "Lifungue kwanza, uone ndani mna nini."

Nikalifungua palepale kwenye flashi. Ni mazoea ya kibanda, tena uliyaweka wewe: kazi ya mteja haikai kwenye mashine yetu, inakaa kwenye flashi yake, asije mtu akasoma msiba wa mwenzake. Nikaandika amri ya tar. Majina ya mafaili yakashuka mengi, na katikati yake malalamiko ambayo sikuyajali. Nikaingia kwenye folda, nikaliita faili la kusakinisha. Mashine ikajibu kwamba sina ruhusa. Nikaweka sudo mbele ya amri, nikaandika nenosiri lako. Sina ruhusa. Nikarudia. Sina ruhusa.

Hapo nililia, Mama. Mlango ulikuwa wazi lakini nililia. Kesho yake mwili wako ungetoka mochari kwenda nyumbani kijijini, kule ng'ambo ya Kisian, na mimi sikuwa na hata ukurasa mmoja. Na niliona kama ni wewe unayenikatalia.

Kisha nikakumbuka ulivyokuwa ukisimama nyuma yangu, mkono begani. "Awuor, mashine haikugombezi. Inakueleza. Soma." Nikapanda juu kwenye yale malalamiko niliyoyaruka, nikayasoma polepole. Yalisema kuna viungo vya mafaili ambavyo havikuweza kutengenezwa. Nikaandika pwd kujua nimesimama wapi. Nilikuwa nimesimama kwenye flashi.

Ndipo nikaelewa. Flashi zetu zimepangwa ili zisomeke kila mahali, saiba, shuleni, hata kwa chifu. Hazijui kutunza ruhusa za Linux, kwamba faili hili liendeshwe na lile lisomwe tu. Hata mwenye nenosiri hawezi kuzilazimisha. Hukuwa ukinikatalia. Nilikuwa nimefungulia furushi mahali pasipofaa.

Nikalinakili kwenye folda yako iliyo ndani ya kompyuta yenyewe, nikalifungua upya humo, nikaliita faili lilelile. Safari hii liliniuliza swali moja tu, kama nakubali. Nikabonyeza y. Baada ya muda ukurasa mweupe ukafunguka, na mikono yangu ikajua pa kwenda.

"Mcha Mungu" niliacha, kwa kuwa ni kweli. Mengine nikafuta, nikaandika yako. Pesa za Baba mdogo nilinunulia karatasi na wino, zilizobaki nikampa shangazi anunue maziwa ya chai ya waombolezaji. Nilirudi na boksi la vijitabu kichwani na hakuna aliyeniuliza kitu.

Baba mdogo ndiye aliyesoma mbele ya watu. Alipofika pale, "Kilichomchekesha kuliko vyote ni mumewe akiibembeleza printa: basi mama, moja tu, karatasi moja tu," alisita, akamtazama Baba. Baba hakuwa amefungua mdomo tangu hospitalini. Akacheka, Mama. Alicheka hadi akashika kiti cha mbele yake, na hema zima likacheka naye, machozi yakimtoka kila mtu. Baba mdogo akafunga kijitabu akasema, "Hawa watu wa town wanajua kazi."

Siku hizi nafungua kibanda asubuhi. Shule nimemaliza, matokeo bado. Wateja wananisemesha, nami najibu, ingawa Mama Rehema anasema najibu kama ninayeongea na viatu vyangu. Baba hula kidogo, lakini anakula. Kijitabu anatembea nacho kwenye mfuko wa koti.

Na hapo ndipo penye shida. Jana aliniambia Jumamosi atakwenda kwenye duka lile la mjini, abebe samaki wawili wakubwa, ngege, amshukuru aliyeandika. "Mama yenu lazima alikuwa rafiki yake," akasema. "Angejuaje mambo ya printa? Nataka nimwone uso."

Nilitaka kusema. Nikaenda kuosha vyombo.

Lala salama, Mama. Nakuahidi nitamwambia kabla hajatoka getini na samaki wake, kwa mdomo wangu, nikimtazama. Lakini anasema siku hizi anakuota, na hilo ndilo linaloniogopesha. Akija kwako ndotoni kabla ya Jumamosi, tafadhali, mzungumze ya mvua, ya kuku, ya chochote kile. Hili usimwambie. Niachie mimi.

Binti yako,
Awuor